Siku Dusabe Alipokagua Kinywa Changu

Naona haya kulisimulia jambo hili hata sasa, lakini mmeniuliza kwa nini akina mama fulani wa Goma walicheka kila waliponiona, basi sikilizeni.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, nami nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno niliyetumwa Goma kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, nimevaa abakosti, ile suti rasmi ya enzi hizo isiyo na tai, iliyonyooshwa pasi kwa bidii kuliko nilivyodurusu vitabu, kwa kuwa asubuhi hiyo profesa wetu angeamua kama nafaa kutibu watoto au nirudi Kinshasa mikono mitupu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtoto hashikwi kwa nguvu, bali hufungua kinywa kwa hiari yake.

Akaletwa Dusabe, binti mdogo kutoka kijiji cha Kalengera, shavu limevimba kwa jino la utoto lililooza na kumnyima usingizi, midomo ameibana. Tulifundishwa kumwonyesha mtoto kioo cha meno, kisha kukigusisha kwenye ukucha wake, ndipo tuombe kinywa. Mimi (kiburi cha ujana!) nikaona ukucha ni jambo dogo mno mbele ya profesa, nikaketi mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, nikampa Dusabe kioo, nikaachama.

Alinichungulia bila haraka, kama afisa wa forodha mpakani.

“Mama, kuya uone! Docteur eko na shimo mu meno! Nyeusi kabisa!”

Ilikuwa kweli. Gego langu lilikuwa limeoza siku nyingi, nami, niliyeweza kueleza sababu zote za kuoza kwa meno, nilikuwa naogopa koleo. Akina mama waliokuwa wakingoja mlangoni mwa kliniki wakaingia, mmoja akasema:

“Yee! Huyu atang'oa meno ya batoto, na yake inamushinda?”

Nikataka kuinuka. Profesa akaniweka mkono begani.

“Citoyen, kaa,” akaniita kama raia wote walivyoitwa enzi hizo. Akatazama, akaguna. “Hili halizibiki tena. Dusabe, nianze na nani?”

“Na yeye!”

Nikachomwa sindano, na koleo lilipoligusa gego nikapiga yowe (ganzi ilikuwa imeshika barabara, yowe lilikuwa la woga mtupu), gego likatoka, damu ikadondokea abakosti, na nilipojaribu kutabasamu kwa heshima mate yakanitiririka hadi kidevuni. Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa Dusabe, aliyenikazia macho kwa muda, kisha akanivuta mkono nishuke.

“Sasa miye. Lakini usilie tena.”

Akapanda mwenyewe, akafungua kinywa. Nikamtia ganzi, nikalilegeza jino polepole nisije nikaliumiza lile la ukubwani lililokuwa likijiunda chini yake, likatoka zima. Hakulia.

“Kesho utaendelea na watoto,” akasema profesa. “Abakosti uiache nyumbani.”

Mama yake akalifunga jino kwenye leso, Dusabe alitupe juu ya paa kwao ili lingine liote. Mtoto akaliona gego langu sahanini.

“Na hii, niitupe pia?”

“Tupa, lakini langu halitaota tena.”

Akanitazama kwa huruma ya kweli. “Pole, papa. Ungekuya mapema.”

Hapo hapo, ganzi ikiwa bado mdomoni, nikaapa kwamba sitamkimbia tena daktari wa meno. Na sijamkimbia, ingawa nikilala kwenye kile kiti huwa nafumba macho.