Maji Juu ya Ubao wa Piano

Piano ilipasuka yenyewe. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Pa! Mlio mmoja tu, kama wa risasi, katikati ya mazoezi ya kwaya, pale Ngagara. Nusu ya waimbaji walijitupa chini ya mabenchi.

Mimi sikujitupa. Mimi nilijua.

Naitwa Shakuru, fundi wa Buyenzi. Kazi ya piano nilijifunza ukubwani, kwa kozi za jioni, wajukuu wakinicheka. Hii ya parokia ndiyo piano kubwa ya kwanza niliyokabidhiwa niifufue.

Chini ya nyuzi za piano kuna ubao mpana, mwembamba. Huo ndio unaobeba sauti. Wa zamani ulikuwa umeoza, nikachonga mpya. Kabla ya kugundishwa, lazima ukaushwe hasa ndani ya sanduku la joto. Ukigundishwa ukiwa na unyevu, kiangazi kikifika unasinyaa na kupasuka.

Siku ya gundi niliutoa kwenye joto, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, ubao ulikuwa na matone ya maji.

Nikakumbuka nilivyoinama juu yake kuchukua kofia, mikono ikichuruzika udhu.

Ilinipasa kuurudisha kwenye joto. Lakini kwaya ilishachoka kusubiri. Nikafuta kwa shati, nikasema bismillahi, nikapaka gundi.

Bismillahi juu ya uzembe. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Basi baada ya ule mlio nikamwendea Elvire, kiongozi wa kwaya, nimwambie. Nilimkuta amekaa peke yake, analia. Hakuniacha nianze.

"Fundi, unisamehe. Ni mi niliharibu. Ile siku nilipita kwa atelie, pale unapochongea mbao, we ulikuwa unasali. Nikanyunyizia ubao maji ya baraka, ili piano imutumikie Mungu muzuri."



Jamani, niseme ukweli: nilifurahi. Mzigo ulikuwa umepata mtu mwingine wa kuubeba. Akasema ataacha kwaya, hawezi tena kuwatazama wenzake usoni. Mimi nikamjibu tu kwamba Mungu ni mwenye huruma, nikaaga.

Nikafika mlangoni. Miguu ikagoma.

"Maman Elvire, kama ni maji yako au ni udhu wangu, Mungu anajua. Lakini niliyaona."

"Uliyaona?"

"Niliyaona, na nikagundisha."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akauliza kama waimbaji nitawaambia mwenyewe.

Nikawaambia Jumapili, nje ya kanisa, misa ilipokwisha. Wengine waliguna. Mmoja aliniuliza kama kozi za jioni zinafundisha pia kufuta kwa shati. Nilistahili.

Sasa nachonga ubao mwingine. Jana Elvire alipita, akaomba ruhusa ausalie.

"Sali, maman. Ila mikono iwe mfukoni."

"Na yako, fundi?"

"Yangu nitaifuta kwanza."

Ndugu msomaji, dua haikaushi ubao. Ukiliona kosa lako, simamisha kazi kwanza. Halafu ndipo uombe.