Muziki Uliosubiri Idi

Mdogo wangu Idrisa anatunga muziki wa katuni, na hapa Tukuyu ukisema hivyo watu wanakuangalia tu. Wananiuliza, "Kwa hiyo kazi yake hasa ni nini?" Nimechoka kujibu. Mimi fundi cherehani pale sokoni, sijawahi kuulizwa gauni ni la nini.

Alianzia kwenye dufu, madrasa. Baadaye akapiga kinanda kwenye harusi, za Waislamu na za Wakristo, mpaka mtu mmoja wa Mbeya akamwomba amtilie muziki kwenye katuni ya kufundisha watoto kunawa mikono. Ndugu yangu akanogewa. Miaka iliyofuata ikawa hiyo hiyo: katuni ya meno, katuni ya chandarua, sungura huyu, kobe yule, na jina lake halitajwi popote. Chumba chake kiko nyuma ya nyumba ya mama, kimezibwa kwa magodoro kila upande, maana mvua ya huku ikianza kupiga bati, huwezi kurekodi kitu.

Ndipo akaja Jackson, mwongozaji wa Dar es Salaam, na filamu ndefu ya familia ya nungunungu waliohamishwa na maporomoko ya udongo. Filamu nzima, na jina la Idrisa kwenye skrini. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile. Aliacha harusi zote. Alikwenda hadi Suma kuwarekodi akina mama wa kwaya wakiimba kwa kufumba midomo, akarudi na matope mpaka magotini, anacheka. Akamwambia mama, "Hii utakaa uisikilize kazi yangu mwanzo hadi mwisho." Mama yetu, Bi Siwema, macho yamefifia na kifua kinamsumbua. Sote tulijua hatuna muda wa kuchezea.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama muziki ukiwa nusu. Nyumbani kwetu mwezi ule kinanda hakiguswi, tangu enzi za babu aliyekuja na vitambaa vyake kutoka Lindi. Idrisa aliomba angalau apige kwa spika za masikioni. Mama akamwambia, "Mwanangu, subiri Idi." Hakugomba, alisema tu. Naye akafunika kinanda kwa shuka, akampigia Jackson simu. Jackson akasema hakuna shida kaka, tutaweka kwanza muziki wa kompyuta, ule unaotungwa na akili bandia, ili wachoraji waendelee. Ni kama sisi mafundi tunavyopiga bandi: uzi wa muda, baadaye unaung'oa.

Haukung'oka. Mwezi mzima walifanya kazi wakiusikiliza, wakachora hatua za nungunungu kwa kuufuata, masikio yakauzoea. Idrisa alipopeleka wake baada ya Idi, Jackson akasema ni mzuri lakini hauingii. "Ungeufanya ufanane kidogo na ule." Basi mdogo wangu akakaa wiki baada ya wiki akiiga muziki usio na mwenyewe. Anausikiliza, anaupiga, anaupeleka, unarudi. Mwisho Jackson akatuma ujumbe mfupi: wameamua kubaki na ule wa mwanzo, wa kompyuta.

Nilimkuta ameketi sakafuni. Akaniambia, "Dada, sina tena cha kutunga. Nikiweka mkono kwenye kinanda, unatoka ule." Nikamtukana Jackson matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hayakusaidia.

"Mama asijue," akasema. "Atajiona yeye ndiye aliyeniponza."

Filamu ilipotoka tuliiangalia sebuleni, kwenye kompyuta ya Idrisa, mama katikati. Majina yakapita mwishoni, lake halimo. Mama kwa macho yale hasomi, na hakuna aliyemsomea. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Idrisa, baba, mimi nilidhani unacheza tu kule chumbani," akasema. "Kumbe ulikuwa unatengeneza kitu kizuri hivi. Ule muziki wa mama nungunungu akimtafuta mwanawe. Nipigie."

Nikataka kusema kitu. Idrisa akanitazama, akatikisa kichwa. Akaenda kuleta kinanda, akakiweka mapajani, akaupiga wote tangu mwanzo bila kukosea mahali, na mama akamwombea dua.