Shilingi ya Ardo Iliyopigwa Kando

Ardo Duale huuza maziwa ya ngamia mtaa wa Iftin, Garissa, katika kibanda cha mabati. Maziwa si yake. Wenye ngamia huyaleta kwa pikapu asubuhi, yeye huuza na kubaki na chake kidogo. Zamani alikuwa na ngamia wake saba. Ukame ulipokuja, sita walikufa, na wa saba, mtamba mwembamba, akamuuzia shemeji yake Abdiwali wa Wajir kwa bei ya kutupa ili watoto wapate kula.

Mimi shule niliiacha mapema, miguu ndiyo iliyonifundisha, na kote nilikopita sijaona mtu anayeijua shilingi yenye kasoro kama mama huyu. Elimu hiyo aliipata kwa Daud, fundi wa mizani kutoka Isiolo, ambaye huja Garissa kila baada ya miezi miwili mitatu kutengeneza mizani za wauza nyama. Daud hukusanya sarafu zilizokosewa kiwandani. Alipotangaza kuwa ananunua, watu walimletea kila takataka: shilingi iliyokanyagwa na lori, nyingine iliyogongwa nyundo, nyingine iliyolowekwa kwenye maji ya betri mpaka ikakonda. Mmoja alileta ya vichwa viwili. Ukiitazama ukingoni, unaona gundi.

Ardo aliwacheka sana. "Nyinyi ni wachunga mbuzi na hamjui kilema na kovu?" aliwaambia. "Mbuzi akizaliwa na sikio fupi, sikio yake iko na manyoya mpaka mwisho. Akikatwa na kisu, alama inabaki. Pesa pia ni hivyo hivyo."

Na kweli ni hivyo. Sarafu huanza kama kipande kitupu cha madini, kisha muhuri huishukia kwa nguvu. Kosa likitokea hapo, madini yenyewe husogea nalo, na uzito haupungui. Aliyetumia tupa nyumbani kwake ameondoa kitu, na mizani itasema.

Mwaka huu, baada ya Idi, mzee mmoja wa Bute alinunua maziwa akalipa kwa sarafu za zamani, za kutoka sanduku la marehemu baba yake. Maduka yalizikataa. Ardo alizipokea kwa kumwonea haya mzee, na jioni alipozitandaza akakuta shilingi moja ambayo muhuri ulikuwa umeangukia kando. Nusu ya kichwa ilikuwemo, nusu haikuwemo, na upande uliobaki ulikuwa mtupu, umetanuka kidogo kama ulimi. Alimpigia Daud simu.

"Kama ni ya kweli, mama, elfu ishirini," Daud alisema. "Alhamisi niko huko. Usimpe mtu."

Wiki hiyohiyo Abdiwali naye alikuwa amepiga simu. Yule mtamba sasa alikuwa ngamia mkubwa, amezaa, anakamuliwa, na Abdiwali alikuwa anamleta Garissa sokoni. "Elfu themanini, shemeji. Nakungoja mpaka Ijumaa, kwa sababu ni wewe." Ardo alikuwa ameweka akiba ya elfu sitini kwa miaka mitatu. Alihesabu kwa vidole, akacheka peke yake. Asipompata huyu, hatampata mwingine wa ukoo ule. Ndiye pekee aliyebaki.

Daud alifika Alhamisi alasiri. Ardo alimkaribisha chai, kisha akamletea shilingi juu ya kitambaa cheupe. Iling'aa kama kijiko kipya. Daud hakuigusa.

"Umeiosha?"

"Wallahi nimeiosha vizuri! Na majivu, halafu na mchanga laini. Wewe ni mgeni. Nikupe kitu na uchafu ya sanduku?"

Hapo hakuna wa kumlaumu. Chombo cha maziwa kwao husuguliwa, hufukizwa moshi, hunuswa, ndipo mtu apewe. Anayempa mgeni kitu chenye uchafu amejitukana mwenyewe.

Daud alitoa mizani yake ndogo, akaipima ile shilingi, akapima na nyingine nzima ya aina ileile. Zilikuwa sawa. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu.

"Kasoro ni ya kweli," alisema. "Imezaliwa hivi. Lakini ngozi umeichuna, mama. Tazama hii mikwaruzo. Wanaokusanya wanataka ile rangi ya uzee. Sasa ni elfu nane."

"Ngamia akioshwa bei inapanda!"

"Ngamia ndiyo. Hii ikioshwa inakufa."

"Basi izike, na unilipe ishirini ya matanga."

Daud alicheka, lakini bei haikusogea. Ardo akachukua elfu nane.

Ijumaa, baada ya swala, Abdiwali alifika na ngamia nyuma ya pikapu. Ngamia akateremshwa. Ardo alimzunguka mara mbili, akamshika kiwele, kisha akaweka mbele ya shemeji yake elfu sitini na nane.

"Imepungua kumi na mbili," Abdiwali alisema.

"Naona."

"Basi tushirikiane, shemeji. Miguu mitatu yako, mmoja wangu."

"Mguu mzima ni elfu ishirini. Wewe unadai kumi na mbili. Chukua kuanzia goti kwenda chini."

Watu waliokuwa wakinywa maziwa walipasuka kwa kicheko. Abdiwali naye akacheka. "Haya, kuanzia goti. Mguu wa nyuma, wa kulia," akasema, wakapeana mikono mbele ya watu wote. Ardo alimkabidhi ngamia kwa mchungaji nje ya mji, na tangu siku hiyo kopo moja kati ya yale yanayofika kibandani ni lake mwenyewe.

Mwezi ulipoisha Abdiwali alipiga simu kutoka Wajir. Mimi nilikuwa nimekaa hapo. Aliuliza sehemu yake ya maziwa iko wapi.

"Shemeji," Ardo alimjibu huku akimimina, "kutoka goti kwenda chini hakuna kiwele. Kwato yako iko salama, natoa miba kila wiki."