Wajina wa Rhiannon

Mwaka 2006 binti yangu Njeri alinipigia simu Nyeri kutoka Birmingham: amejifungua msichana, anaitwa Rhiannon. Nilipiga vigelegele, nikakata simu, nikaanza kutafuta kiondo cha kumpelekea wajina wa mtoto. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Mume wa Njeri, Huw, ni wa Wales. Basi Rhiannon ni mamake. Mimi Wambui ningengoja wa pili. Iliniuma, nisiwafiche. Mtu akipewa mtoto wa jina lake huzaliwa upya, na umri wangu haukuwa wa kungoja.

Uwanja wa ndege alinipokea Huw. Akataka kunibebea kiondo, nikakataa. Kilikuwa mkononi tangu Nairobi.

Hodge Hill, mtaa wao wa Birmingham, tulifika saa nane mchana. Nyumba zimeshikana mbili mbili kama walevi wanaosaidiana kufika nyumbani. Mamake Huw alikuwa mlangoni. Nikamvika kiondo begani: "Rhiannon mkubwa, wajina wa mjukuu wetu, pokea!"

Njeri akashika mdomo. "Mum, huyu ni Mair."

"Sasa Rhiannon ni nani?"

Mair akasimulia, Njeri akitafsiri. Rhiannon ni malkia wa hadithi za kale za Wales. Alipita juu ya farasi mweupe, mwendo wa polepole, na wapanda farasi wa mtawala wakamfukuza mbio wasimfikie. Mtawala mwenyewe alipochoka, akamwomba asimame. Akasimama papo hapo, akamwambia angeomba mapema farasi wake asingeteseka.

Nilinuna. "Yaani mmemruka Mair, mkaniruka na mimi, mkampa jina mtu wa hadithi?"

"Mair alikataa, hakulipenda jina lake tangu shule. Na wewe, Mum, si ulikata simu nikiwa bado naongea? Nikadhani umesikia yote. Mtoto ni Rhiannon Wambui."

Nililia pale pale mlangoni. Mair akakivua kiondo, akanivika mimi, akaniwekea wajina wangu mikononi.

Siku ya kurudi nilimwachia Mair kiondo chake. Huku Nyeri wananiuliza nimejifunza nini Ulaya. Nawajibu kuuliza si ujinga, hata mtawala wa Wales alichosha farasi bure. Na mkipigiwa simu ya mtoto, msikate kabla ya jina la pili.