Mume Wangu Anatoa Kingpini Kabla Hazijatulia, na Dereva Yuko Njiani

Admin, ficha jina langu, ukiandika natokea Mpemba, huku karibu na boda, inatosha. Nina miaka 34, nimeolewa, watoto watatu. Mimi na mume wangu tuna karakana, tunachonga kingpini za malori, zile pini nene zinazoshika magurudumu ya mbele yakate kona. Yeye anakereza, mimi niko kwenye mashine ya kukomaza chuma.

Mashine ni ya umeme. Unaingiza pini katikati ya koili ya shaba, inakuwa nyekundu huku unaiangalia, kisha unaimwagia maji. Hapo inakuwa ngumu kweli, ila inaweza kupasuka kama glasi. Ndiyo maana lazima ikae kwenye oveni ya moto mdogo, zaidi ya saa nzima, itulie. Fundi aliyetuletea mashine alitufundisha wote wawili. Mume wangu alikuwepo, hakuwa amelala.

Shida ni kwamba dereva akishavuka boda anataka pini yake sasa hivi. Basi mume wangu anachukua tupa, anaipitisha kwenye pini iliyotoka kwenye maji, tupa inateleza, haing'ati hata kidogo. Watu wanasifia, anaifunga kwenye gazeti, mteja anaondoka. Nikisema bado oveni, anacheka: "Mama Neema, kwani tunaoka keki?" Jamani, tupa inaonyesha ugumu tu. Haikuambii kama pini itavumilia mashimo. Nimesema mpaka nimechoka.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani Isongole, huku nyuma akakomaza mwenyewe pea mbili, akazitoa hivyohivyo. Ya kwanza, fundi wa mteja alipoigonga nyundo kuifunga, pini ikapasuka. Mteja akarudi anafoka, nami nimesharudi. Mume wangu akamwambia mbele ya watu wote, "Ni mama Neema huyo, alizidisha moto." Mimi ambaye sikuwepo hata.

Nikajibu palepale kwamba nilikuwa msibani. Kosa likahamia kwangu. Baba mkwe akaniita: "Mwanangu, mume hasahihishwi mbele ya wateja. Omba radhi yaishe." Nikapiga magoti nikaomba radhi kwa kitu nisichokifanya. Hasira ninayo mpaka leo, na bado asubuhi nampikia chai.

Lakini kinachoninyima raha ni pea ya pili. Imefungwa kwenye lori la kaka mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, hapiti hapa bila kuwaletea wanangu biskuti. Alikwenda Zambia kupakia shaba. Nilimwomba mume wangu tumpigie, asimamishe gari tumbadilishie. Akasema, "Ukimpigia, kesho madereva wote watajua pini zetu zinapasuka. Tutakula nini? Piga, halafu urudi kwenu." Namjua, hatanii.

Mama yangu nimemweleza, anasema nisivunje nyumba kwa sababu ya vyuma. Yeye anaona vyuma. Mimi namwona yule kaka kwenye mteremko na mzigo wote ule, gurudumu la mbele linamkatalia.

Leo asubuhi kanitumia ujumbe wa sauti: "Shemeji, mwambie bosi pini ziko safi kabisa, usukani mwepesi. Tumeshapakia, tunakuja."

Sijamjibu. Nikimpigia, sina ndoa. Nikinyamaza, na likatokea la kutokea, nitamwambia nini mke wake? Ninyi mngefanyaje? Mnijibu upesi, mwenzenu gari limeshawashwa.