Nyuki Hana Kamba

Mke mwenzangu alinichukulia mume, nikanyamaza. Alipochukua na nyuki wangu, hapo sikunyamaza.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, kila mwanamume mwenye mikono yake alikuwa Nyakunguru anachimba. Mizinga ilikuwa kazi ya wanaume, maana kwetu mwanamke hapandi mti. Walipoondoka, mume wetu, mzee ambaye kifua kilimkatalia kuingia shimoni, aliishusha ile mizinga ya magogo akaiweka juu ya nguzo fupi, pembeni mwa bustani zetu. Mimi mke mkubwa nikapewa mitatu, mdogo akapewa miwili. Nilitembea kifua mbele. Tangu aolewe, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimzidi kitu.

Furaha yenyewe ililiwa na siafu. Nguzo fupi kwa siafu ni ngazi. Nikazungushia majivu, mvua ikayafanya uji. Nikamwaga mengine, ikanyesha tena. Kwa mwenzangu siafu walifika, wakanusa, wakageuka. Mwanawe alikuwa anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akawa anamletea mama yake oili chafu kwenye kidumu. Mama anafunga matambara kwenye nguzo, anayalowesha, basi, siafu hapiti. Wanangu mimi waliniletea vumbi kwenye nguo za kufua. Mwenzangu, hata uchafu wa mgodi ulimfaa.

Akaja uzioni, meno yote nje. “Shikamoo dada. Nikupe oili kidogo?”

“Marahaba. Asali yangu haijawahi kunuka gari, haitaanza leo.”

“Haya dada. Siafu wako watafurahi, hawapendi hiyo harufu.”

Hazikupita siku nyingi siafu wakaingia mzinga wangu mkubwa. Nyuki walitoka kama moshi, wakavuka uzio, wakaning'inia kwenye mpera wake kama kibuyu. Kabla ugali wangu haujaiva, walikuwa wameingia kwenye mzinga wake uliokuwa mtupu.

Nikaenda na mwiko mkononi. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, mlangoni kwa mdogo, mahali alipohamia na kigoda na kila kitu.

“Mzee, nyuki wangu wako humu. Nirudishiwe.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Ng'ombe akiingia zizi la mtu utamdai, ana alama yako. Nyuki hana kamba. Akiingia mzinga wa mtu, ni wa huyo mtu.”

Mwenzangu alikuwa anapepeta ulezi, ameinama, mabega yanamcheza kwa kicheko. “Pole dada. Labda wametafuta penye amani.”

Penye amani! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikilima linanichoma, nikilala linanichoma.

Maboga yangu yakachanua. Nayo yakavamiwa na wale wadudu wekundu, wanaotoboa majani mpaka yanabaki nyuzi. Nikanunua dawa Tarime, nikaazima bomba la kupulizia, asubuhi nikalibeba mgongoni. Kufika bustanini, kila ua liko wazi, na ndani ya kila ua kuna nyuki. Wote wanatoka kule kwake. Nikajua kabisa, nikipiga dawa sasa hivi, mzinga wake utanyamaza kabla ya jua kuzama.

Na yeye alijua. Alikuja mbio, akashika uzio kwa mikono miwili.

“Dada, nakuomba. Piga jioni, maua yakishafumba. Utawamaliza.”

Sijawahi kumsikia akiomba. Ilikuwa tamu kuliko asali. Nikavuta mpini wa bomba, mara moja, nisikie tu anavyokata pumzi. Alikata.

“Wewe mtoto,” nikamwambia, “ng'ombe wangu akilala zizini kwako, nitamchinja ili wewe ukose maziwa? Hao ni wangu. Wanalala kwako, wanakula kwangu. Kama huyo mzee wako.”

Kwa sababu ugali, mzee alikuwa bado anakula kwangu. Mdogo hajui kupika.

Nikapiga dawa jioni, maua yakiwa yamefumba. Kesho yake nikakuta kidumu cha oili kimewekwa uzioni, hakuna mtu wala neno. Nikakichukua. Nikapaka nguzo zangu zote huku nimegeuza pua pembeni. Ule mzinga mkubwa nikaufukiza moshi, nikausugua kwa nta ya zamani na mchaichai, harufu inayowaita nyuki, nikangoja.

Mvua zilipokwisha mzinga wake ulifurika, nyuki wakagawanyika. Nusu wakatoka, wakaning'inia kwenye mpera uleule, kisha wakavuka uzio. Mwenzangu nyuma yao, kanga inamdondoka.

“Dada! Nyuki wangu! Wameingia kwako!”

Nilikuwa nimekaa napukuchua maharage. Sikuinua hata kichwa. “Nyuki hana kamba, mdogo wangu.”

Akasimama pale akihema. Akazitazama nguzo zangu, nyeusi tititi. “Na oili je, dada? Nayo haina kamba?”

Nikacheka bila kupenda. Lakini siku ya kurina asali nilimpa bakuli dogo, tena lenye ufa.

Mzee naye akatokea na fimbo yake, anajifanya anapita tu. Nikamkatia sega. Akala kimya, akajifuta ndevu, akasema asali hii ni ya kwangu kweli, anaijua. Kisha akashika njia ya kule kwa mdogo. Wajukuu walikuwa wananivuta kanga wakitaka asali, na mimi nimesimama na kisu, namtazama mpaka alipoinama kuingia mlangoni kwake.