Kalenda Iliyokwama Ukutani

"Nani amegusa mashine zangu? Nauliza, nani?"

Huyo ni wifi yangu, mke wa kaka, mikono kiunoni. Ana chumba cha kuchapa barua na kujaza fomu za mtandaoni. Mimi nashona kwenye kona yake. Kompyuta zake ni kuukuu, na kile kibetri cha ndani kinachotunza saa kilishakufa. Umeme ukikatika, zinaamka zimesahau hata mwaka. Basi kabla ya kufagia huzirekebisha moja moja, jicho kwenye saa ya mkononi, maana majira yakikosewa mtandao hugoma.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika yeye yuko bombani. Uliporudi, kaka akajitia ufundi.

"Nimegusa mimi, mama watoto. Nimekuwekea saa. Asante iko wapi?"

"Asante? Ukurasa haufunguki!"

Na mteja ameshaketi, mama mmoja. Usajili wa mtihani wa binti yake unafungwa adhuhuri. Ukimpita, binti anakaa nyumbani mwaka mzima.

Wifi akatazama saa kwenye pembe ya kioo cha kompyuta: sawasawa na ya mkononi. Akachomoa waya wa mtandao, akachomeka. Akahamia kompyuta nyingine, yale yale. Akakaa, akainuka, akakaa tena. Hata mimi nilishona mkono wa gauni nje ndani.

"Hapa si ofisi, ni makumbusho!" mteja akafyatuka. "Mwanangu anapotea hivi hivi naona!"

Wifi akameza mate. Ajabu, maana mdomo wake hauna breki. Akamgeukia mumewe.

"Na tarehe uliitoa wapi?"

"Si pale ukutani?"

Wote tukageuka. Kalenda ilikuwa bado kwenye mwezi uliopita. Mwezi mpya una picha ya trekta, na wifi hajachoka na picha ya mwezi uliopita, maporomoko yake ya maji, alishatukataza kuifunua.

"Kumbe mkosaji tunaye humu humu," kaka akasema.

"Nyamaza, baba watoto."

Akasogeza mwezi kwenye kompyuta. Ukurasa ukafunguka kama haukuwahi kununa. Vidole vikakimbia: jina, shule, picha. Usajili ukapokelewa, adhuhuri haijagonga.

Mteja akashika karatasi yake ya uthibitisho, macho chini.

"Dada, nina deni kwako. Yale maneno niliyosema..."

"Maneno gani? Sikusikia kitu mimi, feni hii ina kelele."

Feni yenyewe ilikuwa imezimwa.